Muulize Muuguzi: Jasho Lisilokauka

Hii ni wiki ya tatu tangu joto hili la kiangazi litushike, na barua ninazopokea karibu zote zinalia jambo moja. Watu hawalali. Watoto wametoka harara shingoni na kwapani. Wazee wamekuwa wakimya kupita kawaida yao. Barua za maumivu ya mgongo na za vidonda vya tumbo nimeziweka kando, zitajibiwa toleo lijalo, maana hizi za fukuto haziwezi kungoja. Nilifanya kazi wodini miaka 28, na kila msimu kama huu nilipokea wagonjwa ambao wangebaki nyumbani salama kama mtu mmoja tu angewaambia mapema ninayotaka kuwaambia leo. Mkiona mahali ninasema kwa ukali, chanzo ni hicho.

SWALI: Shikamoo mama. Kipimajoto changu cha ukutani kinasoma nyuzi 32. Kaka yangu anaishi penye joto kavu, kwake ni nyuzi 38, na kwenye simu ananiambia nadeka. Lakini mimi nikipanda ngazi tu shati limeniganda mgongoni, nguvu zimeniisha na kichwa kinauma hadi jioni. Nadeka kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hudeki hata kidogo. Kaka yako anatazama namba moja, na mwili wako unapambana na mbili: joto, na unyevu ulio hewani.

Lowesha mgongo wa mkono wako kwa maji kidogo, kisha upulize. Umesikia ubaridi? Pumzi yako ina joto, kwa hiyo ubaridi ule haukutoka kinywani. Umetoka kwenye maji yaliyogeuka mvuke na kuondoka na joto la ngozi. Kazi ya jasho ni hiyo hiyo. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na joto la kilokalori 580 hivi, ambalo lingeweza kuchemsha lita 7 za maji ya nyuzi 20 mpaka yakatokota. Mwili hauna njia nyingine yenye nguvu kama hiyo pale hewa inapokaribia joto la ngozi, ambalo ni nyuzi 35 hivi.

Lakini shikilia hilo neno, ikikauka. Hewa ikishajaa mvuke, jasho halina pa kwenda. Linabaki ngozini, linachuruzika, linadondoka sakafuni, na jasho lililodondoka halijakupoza chochote: umepoteza maji na chumvi, joto limebaki ndani. Ndiyo maana shati linakuganda. Kaka yako huenda anatoka jasho jingi kuliko wewe, ila halioni kwa sababu linakauka papo hapo. (Naye ajihadhari, maana asiyeona jasho lake husahau kunywa maji.)

Mwaka 1979 mtaalamu aitwaye Robert Steadman alichapisha hesabu za kuunganisha joto na unyevu kuwa namba moja ya vile mwili unavyohisi. Kwa jedwali linalotumiwa na idara ya hali ya hewa ya Marekani, ambalo msingi wake ni hesabu hizo, nyuzi 32 zenye unyevu wa asilimia 70 huhisiwa kama nyuzi 41 hivi. Nyuzi 38 za kaka yako, unyevu ukiwa asilimia 15, huhisiwa chini kidogo ya hizo 38. Kwa hiyo wewe ndiye uliye kwenye joto kubwa zaidi. Na namba hizo ni za kivulini. Juani zinaweza kuongezeka hadi nyuzi 8.

Ukisikiliza taarifa ya hali ya hewa, usiishie kwenye asilimia ya unyevu peke yake, maana hiyo hupanda alfajiri na kushuka mchana hata kama mvuke ni ule ule. Tafuta kiwango cha umande. Hicho ni kiwango cha joto ambacho hewa ikipozwa hadi hapo huanza kuacha maji, kama unavyoona chupa iliyotoka kwenye friji inavyolowa nje. Kikipita nyuzi 24, hilo ndilo fukuto lenyewe. Huko Dhahran, Saudi Arabia, tarehe 8 Julai 2003, kilipimwa nyuzi 35.

Kipimo ninachokiheshimu kuliko vyote ni kile cha zamani: kipimajoto kilichovishwa kitambaa kibichi na kupitishiwa upepo. Kinajifanya mtu anayetoka jasho. Hewa ikiwa kavu, kitambaa kinakauka na namba inashuka sana; hewa ikiwa imejaa, haishuki. Mwaka 2010 watafiti walikokotoa kwamba kipimo hicho kikifika nyuzi 35, hata mtu mwenye afya aliyekaa kivulini, mwili mtupu, mbele ya feni, hawezi kujipoza tena, ni suala la saa chache tu. Mwaka 2022 watafiti wa Pennsylvania State University walipowapima vijana wenye afya chumbani, wakifanya kazi nyepesi tu kama zile za nyumbani, mwili ulianza kushindwa kwenye nyuzi 31 hivi katika hewa yenye unyevu mwingi. Hao walikuwa vijana. Namba ya mzee iko chini ya hapo.

SWALI: Marehemu mama alitufundisha kutundika shuka mbichi dirishani joto likizidi. Nimetundika mbili, madirisha wazi mchana na usiku, feni haizimwi. Chumba kimekuwa kama chungu kilichofunikwa. Nakosea wapi?

JIBU: Mama yako alikuwa sahihi kwa hewa kavu. Kwa hewa hii tuliyo nayo, ziondoe shuka zote mbili leo. Unaongeza mvuke kwenye chumba ambacho kimekwisha kushiba mvuke, na kila tone linalokauka kwenye shuka linachukua nafasi ya tone ambalo lingekauka kwenye ngozi yako. Maji yawe mwilini: kitambaa kibichi shingoni, mikono na miguu iloweshwe, kisha kaa mbele ya feni. Nguo zilizofuliwa zisianikwe ndani. Sufuria zifunikwe, na chochote cha kuchemka muda mrefu kipikwe alfajiri. Ukioga, mlango wa bafu ufungwe na dirisha lake liwe wazi.

Madirisha yasikae wazi kwa mazoea. Weka kipimajoto kimoja ndani na kingine nje penye kivuli. Nje kukiwa na joto kuliko ndani, funga na ushushe mapazia. Nje kukipoa, fungua pande mbili ili hewa ipite. Kizuizi cha jua kikiwa nje ya kioo ni bora zaidi, kwa sababu jua likishapita kioo joto limekwisha ingia, pazia linalipunguza tu. Shirika la Afya Duniani linashauri chumba kisizidi nyuzi 32 mchana na 24 usiku. Wengi hatuwezi kufika hapo bila kiyoyozi, najua, lakini nyuzi mbili au tatu ulizoziokoa mchana ndizo utakazolalia usiku.

Sasa feni. Feni haipozi hewa. Inafukuza ile hewa iliyoshiba mvuke iliyokaa karibu na ngozi, ili jasho lipate pa kwenda. Kwa hiyo kwenye chumba kisicho na mtu haina kazi, na mota yake inaongeza joto kidogo, izime ukitoka. Shirika hilo hilo linasema isitumike joto likipita nyuzi 40, maana hapo inakupulizia moto kama umekaa mdomoni mwa tanuri. Mwenye kiyoyozi akiweke kwenye nyuzi 27 na awashe feni pamoja nacho. Atahisi kama nyuzi 23, na umeme utatumika kidogo. Tazameni yale maji yanayodondoka kwenye bomba la kiyoyozi: ni mvuke uliotolewa hewani, na sehemu ya nafuu mnayoisikia inatokana na huo.

SWALI: Mama yangu ana miaka 76, anaishi peke yake ghorofa ya juu kabisa. Nampigia kila siku na kila siku ananijibu, "Mimi mzima, sina kiu." Anatumia vidonge vya presha, vile vinavyomkojoza. Mimi niko safari ya saa 4 kutoka kwake. Nifanyeje?

JIBU: Barua yako nimeisoma mara mbili, na ndiyo iliyonifanya nitoe ukurasa wote huu kwa joto.

Mama mdogo wangu aliishi hivyo hivyo, chini ya paa. Joto la mwaka ule lilipoanza nilikuwa nampigia saa 3 asubuhi kabla sijaingia zamu. Siku tano alinijibu mzima. Siku ya sita alijibu mzima vile vile, lakini neno lilitoka polepole, kama mtu anayelitafuta kwenye mfuko, na akaniuliza mara mbili leo ni siku gani. Nikajiambia ametoka usingizini. Nilikuwa muuguzi, dalili zote nilikuwa ninazijua kwa moyo, na nikajiambia ametoka usingizini.

Nilifika kwake saa 10 jioni. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa sweta, vifungo vimepishana. Dirisha lilikuwa limefungwa na kitasa kimefungiwa kamba, kwa kuogopa wezi. Glasi ya maji niliyomwekea jana yake ilikuwa pale pale, nimeifunika kisahani, haijapungua hata tone. Nilipomshika mkono ulikuwa wa moto kama ubavu wa birika, na aliniita kwa jina la dada yake. Nilimvua, nikamwagia maji ya ndoo pale pale sakafuni, jirani akampepea kwa trei huku nikipiga simu ya dharura. Alipona. Figo hazikurudi kama zamani, na aliishi miaka miwili mingine. Hivyo sikuandikii kama mtu aliyesoma tu.

"Sina kiu" ya mzee haikwambii kitu. Umri unapopanda, ubongo huchelewa kuhisi kiu, tezi za jasho hutoa kidogo, na moyo huchoka kusukuma damu kuipeleka ngozini ikapoe. Anaweza kukauka huku anajisikia sawa. Na ghorofa ya juu hupokea joto la paa mchana kutwa, kisha kuta hulirudisha chumbani usiku.

Chicago, Julai 1995, joto la namna hii, lenye unyevu mkali, liliua zaidi ya watu 700 katika siku chache, na wengi walikuwa wazee walioishi peke yao, madirisha yamefungwa. Ulaya mwaka 2003 walikufa zaidi ya 70,000, Ufaransa peke yake kama 15,000, na huko pia wazee ndio waliobeba sehemu kubwa. Wengi hawakuwa mbali na msaada. Aliyekosekana ni mtu wa kugonga mlango.

Kwa hiyo leo, kabla hujafanya lingine, tafuta mtu mwenye miguu karibu na mama yako. Jirani, kijana wa dukani, binti wa rafiki yake, yeyote anayeweza kufika mara mbili kwa siku, na awe na ufunguo. Simu yako iendelee, ila acha kuuliza hali. Muulize amekunywa nini tangu aamke, glasi ngapi. Muulize mara ya mwisho kwenda haja ndogo na rangi yake. Ikiwa ya chai iliyokolea, maji yamepungua. Mwambie asome kipimajoto akusomee. Na usikilize ulimi wenyewe: mwenye kusema polepole, kurudia rudia au kuchanganya majina, usimwache mpaka kesho. Ikiwezekana ashuke akakae saa mbili tatu za mchana mahali penye ubaridi, hata kama analalamika kwamba anasumbua watu. Mwili uliopumzika saa hizo huvumilia siku inayofuata.

Vidonge asiviache mwenyewe, wala wewe usimwachishe. Mpigie daktari wake leo umweleze joto lilivyo, kwa sababu dawa za kukojoza hutoa maji na chumvi, na baadhi za presha huzuia moyo kuongeza kasi unapohitajika. Pengine atapunguza kipimo, pengine atampa kikomo cha maji ya kunywa kama moyo wake ni dhaifu. Wengine wanaopaswa kuuliza swali hilo hilo ni wenye dawa za magonjwa ya akili, litiamu, na zile za mzio zinazoleta usingizi. Na wenye kisukari, insulini isikae dirishani.

SWALI: Mwanangu ana miezi minne. Bibi yake anasema nimpe maji kwa hili joto.

JIBU: Mheshimu bibi, lakini usimpe. Chini ya miezi sita maziwa ya mama yana maji yote anayohitaji. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na wewe ndiye unywe. Maji matupu humpotezea chumvi kwenye damu. Asifunikwe, na kigari chake usikitandikie nguo juu kwa ajili ya kivuli, maana ndani hewa huganda. Na gari lililoegeshwa juani hupanda nyuzi 10 hivi kwa dakika 10 tu, hata kioo kikiachwa wazi kidogo. Asiachwe humo hata dakika moja.

SWALI: Nimeanza kazi ya ujenzi Jumatatu. Jumanne misuli ya mapaja ilikaza, nikatapika. Msimamizi kaniambia nitazoea. Nakunywa maji mengi sana kwa mkupuo mmoja mchana. Kweli nitazoea?

JIBU: Kuzoea kupo, mwanangu, lakini si kwa namna hiyo. Mwili huchukua siku 7 hadi 14 kujifunza kutoka jasho mapema na kwa wingi na kubana chumvi. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inashauri mgeni wa kazi ya joto afanye asilimia 20 ya zamu yake juani siku ya kwanza, kisha aongeze asilimia 20 kila siku. Wafanyakazi wengi wanaokufa kwa joto hufa katika siku zao za mwanzo kabisa. Mwonyeshe msimamizi wako ukurasa huu.

Maji ya mkupuo hayakusaidii. Kunywa kikombe kimoja kila dakika 15 au 20, bila kungoja kiu, na usipite lita moja na nusu kwa saa, kwa sababu maji mengi kupita kiasi huzimua chumvi ya damu, nayo ni hatari yake nyingine. Ukitoka jasho saa nyingi, changanya na chakula chenye chumvi au maji ya chumvichumvi ya pakiti, yale ya wagonjwa wa kuharisha.

Misuli kukaza, kichefuchefu, kizunguzungu, ngozi baridi iliyolowa: huo ni mchoko wa joto. Acha kazi, kaa kivulini, jiloweshe, kunywa taratibu. Usirudi juani siku hiyo. Lakini kuna mstari ambao ukivukwa mambo hubadilika, na mstari huo uko kichwani. Mwenzako akianza kujibu ovyo, kuyumba, kugombana bila sababu, kuanguka au kutetemeka degedege, hicho ni kiharusi cha joto, mwili umepita nyuzi 40. Nimesikia mara nyingi watu wakisema, "Bado anatoka jasho, kwa hiyo si chenyewe." Si kweli. Anayefanya kazi nzito anaweza kuwa ndani ya kiharusi na bado jasho linamtiririka.

Hapo msimngoje wa gari la wagonjwa aje ampoze. Mpigieni simu, na wakati huo huo mvueni, mmwagieni maji mwili mzima, mtumbukizeni kwenye pipa au beseni la maji baridi kama lipo huku mmemshika kichwa, barafu kwapani, shingoni na kwenye kinena, na mtu apepee bila kuacha. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu. Na mtu aliyelalamika kizunguzungu asitumwe kwenda kupumzika stoo peke yake. Huko ndiko watu hukutwa wamekwisha kupoteza fahamu.

SWALI: Je, parasetamoli inashusha joto hili la mwili?

JIBU: Haishushi. Homa ni ubongo kupandisha kipimo chake wenyewe, na parasetamoli hukirudisha. Joto la jua limeingia kutoka nje, dawa haina cha kurudisha, na ini lililopata joto kali linaweza kuumia nayo zaidi. Aspirini vile vile. Dawa ni maji juu ya ngozi.

SWALI: Usiku wa kumi na moja huu silali. Mbona hata saa 9 za usiku hakupoi? Na likiisha, tutajuaje limeisha?

JIBU: Hakupoi kwa sababu ya mvuke huo huo. Penye hewa kavu, ardhi hupeleka joto lake angani usiku na alfajiri unatafuta blanketi. Mvuke mwingi hulishika na kulirudisha chini. Kwa hiyo mwili unaanza siku mpya na deni la jana, na ndiyo maana usiku wa kumi na moja unauma kuliko wa pili, ingawa kipimajoto hakijabadilika.

Oga maji ya uvuguvugu dakika chache kabla ya kulala, usijifute, lala ukiwa umelowa mbele ya feni na shuka moja nyepesi. Kama una ghorofa mbili, hamia ya chini. Godoro likiwa limechemka, lala sakafuni juu ya mkeka. Weka maji karibu na kichwa, na ukiamka kwa haja ndogo unywe kidogo kabla hujarudi kulala.

Utajua limevunjika shati lako litakapoanza kukauka mgongoni huku umelivaa. Ila kuta za nyumba hubaki na joto siku moja mbili baada ya hewa kupoa, kwa hiyo yule wa ghorofa ya juu mwendelee kumgongea mlango siku hizo nazo.